Tani 2,900 za Kwenda, Tani 5 za Kurudi

Tarehe 24 Julai, 1969, kitu chenye umbo la pia kilishuka katika Bahari ya Pasifiki kikining'inia kwenye miavuli mitatu, huku meli ya kivita USS Hornet ikikisubiri. Upana wa kitako chake haukufika mita 4, uzito wake ulikuwa karibu tani 5, na ganda lake lilikuwa limebabuka kama mkate uliosahauliwa tanurini. Ndani walikuwamo Neil Armstrong, Michael Collins na Buzz Aldrin, pamoja na kilo 21 na nusu za mawe na udongo wa Mwezi. Siku nane kabla, huko Florida, watu hao hao walikuwa wameketi juu ya roketi ya Saturn V yenye urefu wa karibu mita 111, ambayo ikijazwa mafuta ilikuwa na uzito wa karibu tani 2,900.

Tani zilizobaki zilikwenda wapi? Sehemu kubwa iliungua ikawa moshi na mvuke. Sehemu ya kwanza na ya pili za roketi zilizama Atlantiki. Sehemu ya tatu ilipita kando ya Mwezi ikaenda kulizunguka Jua. Nusu ya chini ya chombo cha kutua ingali imesimama Mwezini, na nusu yake ya juu iliachwa ikiuzunguka Mwezi. Moduli ya huduma, iliyobeba injini kuu na umeme, ilitupwa dakika chache kabla ya wanaanga kuingia katika angahewa, ikateketea. Kwa kila kilo moja iliyoopolewa Pasifiki, karibu kilo 580 zilikuwa zimesimama Florida.

Huwa tunaisimulia Apollo kama hadithi ya nguvu: roketi kubwa, moto mkubwa, taifa kubwa. Mimi naiona zaidi kuwa hadithi ya watu waliolazimika kuamua, kilo kwa kilo, nini wakiache na wakiache wapi, huku wakijua kwamba kitu kimoja kikiachwa mahali pasipo pake, watu hawarudi. Kila uamuzi mzito wa safari ile, mzuri na mbaya, unafahamika ukiutazama kwa jicho hilo.

Aliyesoma habari za misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ataielewa hesabu ya safari hii upesi. Mpagazi hula. Msafara ukikatiza nyika isiyo na kijiji cha kununulia chakula, chakula lazima kibebwe, na wa kukibeba ni wapagazi wengine, ambao nao hula. Roketi iko hivyo hivyo. Mafuta ya mwisho wa safari ni mzigo kwa mafuta ya mwanzo wa safari. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule wa Urusi, aliichapisha kanuni yake mwaka 1903: ukitaka kuongeza mwendo kidogo kidogo, mafuta hayaongezeki kidogo kidogo, huzidishana. Nafuu iliyopo ni kutupa kila chombo kinachokwisha kazi, ili usiendelee kusukuma tanki tupu.

John F. Kennedy alipotangaza Mei 25, 1961 kwamba Marekani itampeleka mtu Mwezini na kumrudisha salama kabla ya muongo kwisha, Mmarekani aliyekuwa amekwisha kwenda anga za juu alikuwa mmoja tu, Alan Shepard, naye alikaa safarini dakika 15. Njia ya kwenda Mwezini haikuwa imechaguliwa. Wengi waliwaza njia iliyonyooka: roketi moja, kubwa kuliko hata Saturn V iliyokuja kujengwa, ipeleke chombo kizima hadi Mwezini, kitue kwa mkia, kisha kiruke kurudi. Roketi hiyo ya kuwaziwa iliitwa Nova. Wengine, hasa wataalamu wa Wernher von Braun huko Huntsville, Alabama, walitaka roketi mbili au zaidi zirushwe, vipande viunganishwe au vijazwe mafuta karibu na Dunia, kisha safari ianze kutoka huko.

Njia ya tatu ilipiganiwa na mhandisi wa kituo cha Langley, Virginia, aliyeitwa John Houbolt. Alisema: chombo kikuu kisitue kabisa. Kibaki kikiuzunguka Mwezi, na kijichombo chepesi kishuke na watu wawili, kisha kipae kikakutane na mwenzake huko juu. Wazo lenyewe halikuwa geni. Yuri Kondratyuk wa Ukraine alikuwa ameliandika zaidi ya miaka 40 kabla. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa sana. Meli kubwa ikifika mahali pasipo na gati hutia nanga kilindini, abiria wakashushwa kwa mashua. Hakuna nahodha anayeipandisha meli mchangani pamoja na shehena, makaa na maji ya kurudia, ati kwa sababu abiria wawili wanataka kukanyaga ufuko.

Hapo ndipo faida yote ilipokuwa. Ngao ya joto ya kuingilia katika angahewa haina kazi Mwezini, kwa kuwa Mwezi hauna angahewa. Miavuli haina kazi. Mafuta ya kurudia nyumbani hayana kazi mpaka saa ya kurudi. Ukivishusha vyote hivyo hadi chini, utahitaji mafuta ya kuvishusha, na mafuta mengine ya kuvipandisha, na mafuta ya kuyabeba mafuta hayo kutoka Florida. Ukiviacha juu, roketi moja ya Saturn V inatosha.

Lakini wazo liliogopesha. Mwaka 1961 hakuna aliyekuwa amewahi kuviunganisha vyombo viwili angani, hata karibu na Dunia. Houbolt alitaka jambo hilo lifanyike umbali wa karibu kilomita 380,000, mahali ambapo wakishindwa kukutana hakuna wa kuwafuata. Alizomewa katika vikao, takwimu zake zikatiliwa shaka. Novemba 1961 aliwaruka wakubwa wake na kumwandikia moja kwa moja Robert Seamans, kiongozi wa juu wa NASA, akijifananisha na sauti iliayo nyikani, na akiuliza kama kweli wanataka kwenda Mwezini au la. Barua ya namna hiyo ingeweza kummalizia kazi. Haikummaliza. Juni 1962 von Braun aliwashangaza watu wake mwenyewe kwa kuikubali njia ya Houbolt, na mwezi uliofuata NASA ikaitangaza rasmi. Hata Septemba mwaka huo mshauri wa sayansi wa rais, Jerome Wiesner, alikuwa bado akiipinga waziwazi mbele ya Kennedy.

Naamini Houbolt alikuwa sahihi, ila si vyema kusahau kwamba hoja za wapinzani wake hazikuwa za kipumbavu. Njia yake ilinunua wepesi kwa kuongeza hatari ya kukutana. Na hoja ya kujaza mafuta karibu na Dunia haikufa: mwaka 2021 NASA iliichagua Starship ya kampuni ya SpaceX iwe chombo cha kutua katika mpango mpya wa kurudi Mwezini, Artemis, na chombo hicho kinahitaji kujazwa mafuta katika mzingo wa Dunia kabla ya kwenda. Njia iliyokataliwa mwaka 1962 imerudi, na safari hii inatembea pamoja na ile iliyoshinda.

Baada ya uamuzi huo, kazi ikawa kujifunza kukutana. Kabla yake kulikuwa na mpango wa Mercury wa kurusha mtu mmoja mmoja, na hapa pwani yetu ina kipande chake cha historia. Ili kuzungumza na mtu anayeizunguka Dunia kwa dakika 90 hivi, Wamarekani walihitaji vituo vya mawasiliano kila upande wa ulimwengu, na kimoja kilijengwa Unguja, Tunguu. John Glenn alipoizunguka Dunia mara tatu Februari 20, 1962, alizungumza na Unguja njiani. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kituo hicho kiondoke, na kazi yake ikahamia Madagaska.

Kisha zikaja safari za Gemini za watu wawili wawili, na ndizo shule halisi ya Apollo. Katika mzingo, akili ya barabarani humdanganya dereva. Ukimwona mwenzako mbele ukaongeza mwendo kumfuata, chombo chako hupanda juu, mzunguko wake huwa mrefu zaidi, nawe unaachwa nyuma. Ili kumfikia aliye mbele, unapunguza mwendo, unashuka, unamwahi kwa njia ya chini iliyo fupi, kisha unapanda. Aldrin aliandika tasnifu yake ya udaktari kuhusu jambo hili katika chuo cha MIT mwaka 1963. Desemba 1965 Gemini 6 iliikaribia Gemini 7 hadi umbali usiofika mita moja. Machi 1966 Armstrong na David Scott walifunga gati kwa mara ya kwanza katika historia, na muda mfupi baadaye roketi ndogo moja ya chombo chao ilikwama ikiwa wazi, wakazungushwa kama pia mpaka kufikia mzunguko mmoja kwa sekunde. Armstrong aliizima mifumo ile na kutumia roketi zilizowekwa kwa ajili ya kurudi duniani. Safari ikakatizwa, lakini walirudi hai.

Mwaka uliofuata watu walikufa, na walikufa kwa sababu ya hesabu hii hii ya uzito. Wabunifu walikuwa wamechagua kuijaza kabini oksijeni tupu, kwa sababu angani ingeweza kuwekwa kwa mgandamizo wa kama theluthi moja ya ule tuliouzoea. Kuta zikawa nyepesi, na mitambo ya hewa ikawa rahisi. Ila katika majaribio ya ardhini kabini ilijazwa oksijeni hiyo kwa mgandamizo uliozidi kidogo ule wa hewa ya nje, na katika oksijeni ya namna hiyo karibu kila kitu huwaka. Januari 27, 1967, wakati wa mazoezi juu ya roketi isiyo na mafuta, cheche ilitokea. Mlango ulifungukia ndani, na hewa iliyopashwa moto iliusukuma ukazidi kukaza. Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee hawakutoka. Chombo kilichokuja kufika Mwezini ni kile kilichojengwa upya baada ya msiba huo, chenye mlango wa kufungukia nje kwa sekunde chache, vitu vichache vya kuwaka, na mchanganyiko wa asilimia 60 ya oksijeni na 40 ya naitrojeni wakati wa kuruka. Mabadiliko hayo yaliongeza uzito, na safari hii hakuna aliyebisha.

Kuruka kwenyewe, ambako ndiko picha nyingi za Apollo zinakokaa, kulikuwa sehemu fupi mno ya safari. Injini tano za sehemu ya kwanza zilikula zaidi ya tani 12 za mafuta na oksijeni kila sekunde, na baada ya dakika mbili na nusu hivi, kwenye kimo cha kilomita 67 au karibu, sehemu hiyo yote ilitupwa. Ya pili ikafuata. Ya tatu iliwaweka katika mzingo wa kimo cha kilomita 185 hivi, ambako walizunguka mara moja na nusu wakikagua kila kitu, kisha ikawashwa tena kwa karibu dakika sita na kuwapa mwendo wa karibu kilomita 10.8 kwa sekunde. Kutoka hapo hawakuhitaji kusukumwa. Chombo kilikuwa kama jiwe lililorushwa mlimani, kikipunguza mwendo kadiri Dunia ilivyokivuta nyuma, mpaka uvutano wa Mwezi ukakipokea.

Katika saa za kwanza za mwendo huo kulikuwa na kitendo kimoja ambacho sijawahi kuchoka kukiwaza. Chombo cha kutua kilikuwa kimefichwa ndani ya kichwa cha sehemu ya tatu, nyuma ya chombo kikuu. Rubani alikitenga chombo kikuu, akakigeuza kikatazama kilikotoka, akakisogeza taratibu mpaka kikafunga gati na chombo cha kutua, kisha akakivuta nje. Vyote viwili pamoja vilikuwa na uzito wa karibu tani 44. Jumba refu lililosimama Florida lilikuwa limejengwa ili kuzifikisha tani hizo hapo.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za kutunza nyumba. Ubavu unaoelekea Jua ulipikwa na ule wa kivulini uliganda, kwa hiyo chombo kilizungushwa polepole, kama mara tatu kwa saa, mithili ya mshikaki unaogeuzwa juu ya makaa. Seli za mafuta ziliunganisha hidrojeni na oksijeni zikatoa umeme, na mabaki yake yakawa maji ya kunywa. Mahesabu makubwa ya njia yalifanywa katika kituo cha kuongozea safari huko Houston kwa kutumia antena kubwa za Marekani, Uhispania na Australia, lakini wanaanga nao walipima nyota kwa sekstanti kama mabaharia. Katika orodha ya nyota walizofundishwa mlikuwa na Aldebaran, Rigel, Altair, Deneb, Alphard, Fomalhaut. Ni majina yenye asili ya Kiarabu, ndugu wa yale waliyoyatumia manahodha wa Bahari ya Hindi kuvuka kutoka Maskati hadi Mombasa.

Wa kwanza kuifanya safari hiyo hawakuwa na chombo cha kutua kabisa. Chombo hicho kilikuwa kimechelewa viwandani, na Agosti 1968 George Low wa NASA alipendekeza Apollo 8 iende Mwezini bila hicho, wakati huo zikiwapo tetesi kwamba Wasovieti walikuwa karibu kufanya jambo kama hilo. Kweli, Septemba mwaka huo chombo cha Kisovieti, Zond 5, kiliwazungusha kobe nyuma ya Mwezi na kuwarudisha duniani wakiwa hai. Frank Borman, Jim Lovell na Bill Anders waliondoka Desemba 21. Ili wanaswe na Mwezi, walihitaji kuwasha injini ya moduli ya huduma wakiwa nyuma yake, ambako redio haifiki. Walizunguka mara kumi. Kisha wakahitaji injini ile ile kutoka. Hapakuwa na ya akiba. Kama isingewaka, wangebaki wakizunguka mpaka oksijeni iishe. Iliwaka siku ya Krismasi.

Mashua ya Houbolt ilijengwa na kampuni ya Grumman huko Bethpage, New York, chini ya mhandisi Thomas Kelly. Hakuna chombo kinachoonyesha ukali wa hesabu kuliko hiki. Uzito wake ulikuwa kama tani 15, na zaidi ya theluthi mbili ya uzito huo ni mafuta. Viti viliondolewa, wanaanga walisimama wakifungwa kamba. Viti vilipoondoka, macho yao yalisogea karibu na kioo, kwa hiyo madirisha makubwa nayo yakaondoka, yakabaki mawili madogo ya pembetatu. Miguu mitano ikawa minne. Kuta zilipunguzwa mpaka mahali pengine unene wake ukawa sehemu tatu za kumi za milimita. Kwa kuwa hakingekutana na upepo maisha yake yote, hakikuhitaji umbo la kupendeza, na kilitoka kama buibui aliyevishwa karatasi ya dhahabu. Mimi hukiona kizuri kuliko vyote, kwa sababu hakuna kilichowekwa pale bila kujieleza.

Wasovieti nao walifuata njia ya kukutana juu ya Mwezi, wakiwa na uzito mdogo zaidi wa kuchezea. Mpango wao ulikuwa kumshusha mtu mmoja peke yake, na kwa kukosa njia ya ndani kati ya vyombo viwili, angelazimika kutoka nje na kutambaa hadi chombo cha kutua. Roketi yao ya N1 ilirushwa mara nne kati ya 1969 na 1972, na ilishindwa mara zote nne.

Kutua kwa Apollo 11 kulichukua dakika 12 hivi kutoka kimo cha kilomita 15. Kompyuta iliyokuwa ikiongoza, kazi ya maabara ya MIT, ilikuwa na kumbukumbu ya kudumu ya maneno 36,864 tu, iliyofumwa kwa nyaya na mikono ya mafundi wanawake. Njiani ilipiga kelele: kosa namba 1202. Rada ya kutafutia chombo kikuu ilikuwa ikiipa kazi isiyohitajika, ikaelemewa. Lakini programu, iliyosimamiwa na Margaret Hamilton, ilikuwa imefundishwa lipi la muhimu na lipi la kuachwa. Iliyatupa madogo, ikashika kutua. Hata kompyuta ilisafiri kwa kutua mizigo. Armstrong alipoona mawe makubwa mbele, alishika usukani akaruka mbali zaidi, akatua yakiwa yamebaki mafuta ya chini ya dakika moja.

Kupanda ndiko kulikowanyima usingizi wahandisi. Injini ya kushuka ikikataa, unaweza kuitupa na kukimbilia juu. Injini ya kupanda ikikataa, hakuna kingine, na mwandishi wa hotuba wa Rais Nixon, William Safire, alikuwa amekwisha kuandika hotuba ya maombolezo. Kwa hiyo waliifanya iwe sahili kupita kiasi. Haikuwa na pampu: gesi ya heli ilisukuma mafuta. Haikuwa na kiberiti: kemikali zake mbili zikigusana zinawaka zenyewe. Haikuongeza nguvu wala kupunguza. Ilifungua vali, basi. Pamoja na hayo, baada ya kurudi ndani kutoka matembezini, Aldrin aliikuta swichi ya kuiwezesha injini hiyo imevunjika, kichwa chake kiko sakafuni. Aliisukuma kwa kalamu ya wino. Walikuwa wamekaa Mwezini saa 21 na ushei.

Chombo kile kile ndicho kilichofunua upande ambao hata Houbolt hakuutegemea. Apollo 13 ilikuwa zaidi ya kilomita 320,000 kutoka Dunia, Aprili 13, 1970, tanki la oksijeni lilipolipuka katika moduli ya huduma. Chanzo kilikuwa cha kuhuzunisha kwa udogo wake. Tanki hilo lilikuwa limedondoshwa kiwandani kimo cha sentimita 5 hivi, baadaye likakataa kumwagwa, likapashwa joto kwa saa nyingi kwa umeme wa volti 65, huku swichi zake za kukata joto zikiwa zimetengenezwa kwa volti 28. Swichi ziliganda, joto likapanda, ngozi ya nyaya ikaungua. Likawa bomu linalosubiri.

Jim Lovell, Jack Swigert na Fred Haise walihamia katika chombo cha kutua, kilichokusudiwa watu wawili kwa siku mbili hivi, wakakaa humo watatu kwa karibu siku nne. Injini ya kushukia Mwezini ikawasukuma kurudi nyumbani. Vichujio vya hewa vya chombo kikuu vilikuwa vya mraba na tundu za chombo cha kutua zilikuwa za duara, wakaviunga kwa mfuko wa plastiki, jalada la kitabu cha maelekezo, bomba na gundi ya utepe. Walizima karibu kila kitu, baridi ikawa kali, maji yakapimwa kwa kikombe. Aprili 17 walishuka Pasifiki.

Sasa mtazame Lovell. Alikuwa pia katika Apollo 8. Tanki lile lingelipuka katika safari ile ya Krismasi, pasingekuwa na mashua ya kukimbilia, na watatu wale wangekufa. Lingelipuka baada ya yeye na Haise kutua na kurudi, mashua ingekuwa imekwisha tumika. Njia iliyoonekana kuwa ya hatari kuliko zote ndiyo iliyowaokoa, tena katika saa zile tu ambamo ingeweza. Sioni namna ya kulieleza jambo hilo bila kukiri sehemu ya bahati.

Mzigo wa mwisho kutupwa ulikuwa mwendo wenyewe. Kutoka Mwezini mtu huanguka kuelekea Dunia mpaka anafikia karibu kilomita 11 kwa sekunde, na hapana mafuta ya kumfungia breki. Breki ni hewa. Apollo iliingia kwa pembe ya nyuzi 6 na nusu hivi, na nafasi ya kukosea ilikuwa kama nyuzi moja juu na moja chini. Ukizidisha kuinama, unapondwa na kuchomwa. Ukizidisha kulala, unaruka kama kigae kilichorushwa juu ya maji na kutokomea tena angani. Kitovu cha uzito kiliwekwa kando kidogo ya katikati, ili chombo kikibiringishwa kiweze kuelea upande fulani na kuchagua njia. Ngao ya joto ilikuwa utomvu wa viwandani uitwao Avcoat, uliojazwa kwa mkono, tundu moja baada ya nyingine, katika sega la vijumba zaidi ya 300,000. Kazi yake ilikuwa kuungua na kumomonyoka, ikiondoka na joto lake. Kwa dakika kadhaa redio ilinyamaza. Kisha miavuli.

Somo hilo halijapitwa na wakati. Orion, chombo cha mpango wa Artemis, kinatumia Avcoat pia. Kilipofanya safari ya Mwezini bila watu Novemba na Desemba 2022, kilirudi salama, lakini vipande vya ngao vilikuwa vimebanduka badala ya kumomonyoka taratibu. Desemba 2024 NASA ilieleza kwamba gesi zilinaswa ndani ya kifuniko hicho na kukipasua, na ikaamua kubadili njia ya kuingilia katika angahewa kwa safari ya kwanza yenye watu, badala ya kubadili ngao.

Watu 24 walifika Mwezini katika safari za Apollo, watatu kati yao mara mbili, na 12 walitembea juu yake. Walirudi na kilo 382 za mawe na udongo. Wa mwisho kuondoka walikuwa Gene Cernan na Harrison Schmitt, Desemba 14, 1972, katika bonde la Taurus-Littrow. Walikuwa wameegesha gari lao mbali kidogo, kamera yake ikikitazama chombo. Opereta aliyeiongoza alikuwa Houston, na kwa kuwa amri ilichukua zaidi ya sekunde moja kufika Mwezini, alilazimika kuiinua kamera kabla hajaona chochote. Alipatia. Nusu ya juu ya chombo ilichomoka katika mnyunyizo wa vipande vya karatasi ya dhahabu, kamera ikaifuata ikipanda mpaka ikawa nukta. Nusu ya chini ilibaki pale pale, na gari, na miguu minne kwenye vumbi.